Namna ya Kuinyamazisha Kompyuta ya Michezo Bila Kuipiga Kofi

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kasongo, wa Kabambare, wa Wamaza, na wa kila mahali ambapo kompyuta ya michezo inalala chumba kimoja na watu. Kazi ya kwanza ni kuzima jenereta. Jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba hakuna kompyuta yenye kelele. Hata sahani ikivunjika jikoni hutasikia. Zima, hamishia waya kwenye betri ya sola, subiri masikio yatulie, kisha fungua mechi ya PES 2013 na ucheze hadi mapumziko. Sasa utaisikia. Kwanza inavuta pumzi. Halafu inapuliza. Mpira ukikaribia goli inalia kwa sauti nyembamba, na penalti inapopigwa mliobaki macho mtaani ni wewe, feni, na mama wa nyumba ya pili, ambaye asubuhi atakuja na debe la mpunga akiuliza bei ya kukoboa, maana usiku kucha amesikia mashine ikifanya kazi.

Mama huyo usimcheke, ana haki yake. Nyumba zetu nyingi zina ukuta usiofika kwenye bati, na sauti inapita juu bila kubisha hodi. Upande wa pili kuna mtoto mwenye homa, kuna kijana anayejiandaa kwa mtihani wa Exetat kwa mwanga wa taa ndogo, kuna mzee atakayeamka kwa swala ya alfajiri. Kasongo ni mji wa misikiti tangu zama za misafara ya Tippu Tip, na ni makao ya askofu Mkatoliki pia. Watu wa hapa wana sababu nyingi, za dini zote, za kutaka usiku uwe usiku.

Basi tufundishane. Nitaanza na yasiyofaa, kwa kuwa ndiyo yanayofanywa zaidi.

Usiipige kofi. Kofi linaweza kuituliza feni iliyolegea kwa muda mfupi, lakini ndani ya boksi hilo kuna diski ngumu ambayo sahani zake zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kofi moja likiangukia vibaya, ligi yako yote imefutika, na ya mdogo wako pia, na barua za kanisa alizochapa shemeji. Usiifunike kwa kitambaa, kiwe kikavu au kimelowa. Usichomoe waya wa feni ya prosesa: prosesa ya Intel ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe, na ikizidi hapo inazima mashine, kwa kawaida ukiwa unaongoza goli moja na imebaki dakika ya nyongeza. Usifungue ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni ya mezani. Umeongeza feni ya pili ili kunyamazisha ya kwanza, na betri inazilisha zote mbili. Wala usipake dawa ya meno mahali pa pati termiki, yaani ule uji wa kijivu unaokaa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea. Dawa ya meno inafanya kazi, na hapo ndipo hatari yake ilipo: mwanzoni joto linashuka kweli, fundi anasifiwa, analipwa, anaondoka. Kisha inakauka, inapasuka, na feni inarudi na kelele zaidi ya zile za awali.

Wahenga walisema debe tupu ndilo livumalo. Hili la kwako limejaa, limejaa joto, na ndiyo maana ukihangaika na feni peke yake hutamaliza. Feni inatii amri. Ndani ya prosesa kuna kipimajoto. Ubao mkuu unakisoma, unaangalia jedwali lililowekwa kiwandani, unaiambia feni izunguke kiasi gani. Na joto lote hilo ni umeme. Kila wati inayoliwa na prosesa inatoka ikiwa joto, yote, hakuna inayobaki ndani kuwa akili.

Chukua kompyuta ambazo tunaziona sana katika miji yetu, zile za ofisi za Ulaya zilizokwisha kustaafu, kama Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012. Intel iliipa kiwango cha wati 77. Jedwali la feni yake huenda liliandikwa na mhandisi aliyefikiria ofisi yenye nyuzi 20 au 22. Iweke chini ya bati la Kasongo, mchana wa Machi, nyuzi 32 chumbani na mlango umefungwa ili watoto wasiochangia wasichungulie. Prosesa ni ile ile na mchezo ni ule ule, ila safari ya joto imeanzia nyuzi kumi mbele. Feni inafika mwisho wa jedwali kabla ya kadi ya kwanza ya njano. Mashine haina kosa lolote. Imehamia nchi yenye joto na hakuna aliyeibadilishia maagizo, na kuyabadilisha ni kazi yetu sisi tulioipokea.

Hapa nitaomba uvumilivu wa aya chache za hesabu, kwa sababu utamu wote uko humu.

Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini unafuata kasi yake, mara volteji, mara volteji tena. Volteji inahesabiwa mara mbili. Ukiipunguza kwa sehemu moja ya kumi, ulaji unabaki 81 kwa mia ya ule wa kwanza. Ukipunguza na kasi kwa sehemu moja ya kumi, unabaki karibu 73. Umetoa kumi kwa mia ya mwendo, umerudishiwa ishirini na saba kwa mia ya umeme na joto. Mtu akikuletea biashara ya namna hiyo sokoni, utamkalisha chini na kumwagizia chai asiondoke. Na feni nayo ina hesabu yake: ikizunguka nusu ya kasi ya awali, sauti yake inashuka kwa karibu desibeli 15, wakati sikio la mtu linahesabu desibeli 10 kuwa nusu ya kelele. Ndiyo maana joto likipungua kidogo tu, ukimya unaongezeka sana.

Utauliza: kama faida iko wazi hivyo, kwa nini kiwanda hakikuweka mashine hapo tangu mwanzo? Kwa sababu gigahetsi ndizo zilizouza maboksi. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volteji inaweza kupungua pamoja nazo, na kasi ikapanda bila joto kuongezeka kwa eneo lile lile. Viwanda vilipanda mgongo wa kanuni hiyo kwa miaka thelathini. Kisha volteji ikagoma kushuka zaidi, kwa kuwa transista ndogo mno zilianza kuvujisha umeme hata zikiwa zimefungwa. Mwaka 2001 Pat Gelsinger wa Intel aliwaambia wahandisi wenzake kwamba wakiendelea hivyo, chipu zitakuwa na joto la eneo kama la tanuri la nyuklia, baadaye bomba la roketi, baadaye uso wa jua. Waliendelea hivyo. Mwaka 2004 wakatoa Pentium 4 iliyopewa jina la ndani Prescott, iliyokula zaidi ya wati 100 na kuwapa wenye nyumba jiko la pili. Waliahidi gigahetsi 4. Oktoba mwaka huo huo wakaifuta ahadi, na mkuu wa kampuni, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani huko Orlando mbele ya maelfu ya watu kuomba msamaha.

Mimi goti lile nalipenda. Naona ni moja ya saa za ukweli katika historia ya kompyuta: mtu mzima, mkuu wa kampuni kubwa kuliko zote za prosesa, amepigishwa magoti na joto. Kijana wa Kabambare anayeona aibu kupunguza kasi ya mashine yake, kana kwamba anaishusha cheo, na akumbuke goti hilo.

Somo hilo halikudumu. Core i9-13900K ya mwaka 2022 imeruhusiwa na Intel kufika wati 253. Paneli ya sola ya wati 250, juani saa sita mchana, haitoshi kuilisha prosesa hiyo peke yake, bila skrini, bila taa, bila simu ya mtu kuchaji. AMD mwaka huo huo walitoa Ryzen 9 7950X ya wati 170, lakini wao angalau waliweka ndani yake hali ya uchumi inayoishusha hadi 65, na sehemu kubwa ya nguvu zake inabaki. Ni kama wenye mali wenyewe wamekiri kwamba wati za mwisho ni za kushindania jedwali la magazeti.

Sasa mikono kazini.

Njia ya kwanza haihitaji kupakua kitu, na kwetu ambako megabaiti inanunuliwa kidogo kidogo, hiyo ni sifa kubwa. Windows nyingi za hapa zinaongea Kifaransa, kwa hiyo nakupa majina kama utakavyoyaona. Fungua « Options d'alimentation ». Bonyeza « Modifier les paramètres du mode », kisha « Modifier les paramètres d'alimentation avancés ». Shuka hadi « Gestion de l'alimentation du processeur », ifungue, na humo utaikuta « État maximal du processeur ». Imeandikwa 100. Andika 99.

Basi. Ile moja uliyoiondoa ina maana kuliko inavyoonekana. Prosesa hiyo ya i5-3470 ina kasi ya kawaida ya gigahetsi 3.2, na juu yake ina kasi ya kukurupuka ya 3.6, inayoitwa turbo. Gigahetsi hizo 0.4 za mwisho ndizo zinazodai volteji kubwa kuliko zote. Windows ikiambiwa 99, inaelewa kwamba turbo hairuhusiwi, na prosesa inakaa chini ya 3.2. Wengi wakifika hapa feni inashuka, na wanaweza kwenda kulala.

Wewe usilale bado. Teremka: 90, 80, 70. Kwa kila hatua cheza mechi nzima. Kitu cha kufurahisha ni kwamba kompyuta hizi za ofisi hazikuruhusu kugusa volteji kwa mkono. BIOS ya Dell na HP, ile programu ya ndani ya ubao mkuu, imeufunga mlango huo. Lakini prosesa inatembea na orodha yake: kila kasi ina volteji yake. Ukishusha kasi, yenyewe inashusha volteji, hadi pale orodha inapoishia. Ufundi huo Intel waliuweka kwenye kompyuta za mkononi tangu mwaka 2000 na kuuita SpeedStep. Kwa hiyo, mwenye OptiPlex, usidhani umeachwa nje ya karamu.

Mwenye kompyuta ya mkononi ataona safu mbili, « Sur batterie » na « Sur secteur ». Badilisha zote mbili. Konvetisa yako ikiwa inavuta kutoka betri ya sola, kompyuta haijui habari za paneli wala mawingu. Inaona umeme wa ukutani na inadhani iko Brussels kwenye bwawa la wati zisizokwisha.

Sasa siri ambayo ina thamani kuliko mipangilio yote: usimwambie mtu. Ukitangaza kwenye sali ya michezo kwamba umepunguza prosesa, kuanzia jioni hiyo hakuna atakayefungwa kwa kukosa ufundi. Kipa akiachia mpira kati ya miguu, ni prosesa. Penalti ikipaa juu ya mwamba, ni prosesa. Atakayefungwa sita bila atasimama, ataweka manete chini kwa huzuni na kuwaeleza wote kwamba kidole chake kilibonyeza mapema ila mashine ilichelewa. Kaa kimya. Shusha usiku, wachezeshe kesho, sikiliza. Kuna hatua ambayo watalalamika wenyewe bila kuchochewa, picha zikianza kukwamakwama wachezaji wanapojaa kwenye boksi. Hapo rudi hatua moja juu. PES 2013 ilitoka mwaka 2012 kwa ajili ya mashine za wakati huo, na i5 ya gigahetsi 2 na ushee inaibeba bila taabu. Utashangaa utakavyoteremka kabla ya mtu kukunja uso. Na kuna uwezekano mkubwa kwamba yule mkali kuliko wote atakwambia: « Yaya, leo mashini iko inatembea vizuri! » Mshukuru. Mwambie umeitunza.

Waliobarikiwa kuwa na kompyuta ya mkononi yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4, ile ya mwaka 2013, au vizazi vichache vilivyofuata, wanaweza kugusa volteji yenyewe bila kugusa kasi. Programu ya kutumia inaitwa ThrottleStop. Ni ndogo, haina gharama, na mwenye intaneti anaweza kuipakua akamgawia jirani kwa flashi. Ndani yake fungua sehemu iliyoandikwa FIVR, chagua CPU Core, washa ruhusa ya kurekebisha, na usogeze offset hadi kutoa milivolti 50. Fanya hivyo hivyo kwa CPU Cache, kwa kiasi kile kile. Cheza. Ikishika vizuri, ongeza kumi nyingine za kutoa. Siku mashine itakapoganda, au skrini ya buluu itakapokutazama, umefika mwisho wa ukarimu wake; irudishie ishirini na umshukuru Mungu. Kushusha volteji hakuunguzi prosesa. Kunaifanya ikosee hesabu, mashine inajizima, unaanza upya. Kinachoharibu ni kupandisha, kwa hiyo angalia alama ya kutoa mara mbili kabla ya kubonyeza, na mara ya tatu kama umechoka. Na usiipangie programu ijiwashe pamoja na Windows mpaka mipangilio imepita katika mechi nyingi, ili ikikosea, kuzima na kuwasha kuwe dawa tosha.

Baadhi yenu mtakuta sehemu hiyo imefifia, haibonyezeki. Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu uitwao Plundervolt: mtu mwenye mamlaka juu ya mashine aliweza kuvuruga volteji kwa makusudi hadi prosesa ikatoa siri ilizozifungia. Intel wakatoa dawa, na watengenezaji wengi wakaufunga mlango kwenye BIOS mpya. Ukikuta umefungwa, baki na njia ya kwanza. Nakuomba kwa dhati usianze kutafuta BIOS ya zamani ili uivunje kufuli. Kubadilisha BIOS kunataka umeme usiokatika hata sekunde moja, na wewe unajua, kama ninavyojua, umeme wetu unatoka wapi. Ukikatika katikati, utapata ukimya kamili, wa milele, na mashine ya kuegeshea mlango.

Mwenye Ryzen atafute Eco Mode, ile hali ya uchumi, kwenye BIOS na aiwashe. Hana la ziada kutoka kwangu.

Kadi ya grafiki nayo inapiga kelele, mara nyingi kuliko prosesa, na dawa yake ni fupi. Skrini ya kawaida inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Mchezo usiozuiwa unaweza kutengeneza 140, na zile 80 za ziada hakuna jicho litakaloziona; zimepikwa, zimemwagwa, na umeme wake umelipwa. Kwenye mipangilio ya mchezo washa « synchronisation verticale ». Kadi itatengeneza sitini, itapumzika. Kwa kadi nyingi, MSI Afterburner ina kitelezi cha kuweka kikomo cha wati. Kisogeze hadi 70 kwa mia na uone. Na kama bado hujanunua, usitamani zile zenye feni tatu na taa za rangi. GTX 750 Ti ina wati 60, GT 1030 ina 30, zote mbili kwa kawaida hazidai waya wa ziada wa umeme, na zinacheza michezo tunayoicheza hapa.

Vumbi sihitaji kulihubiri kwa mtu aliyepita barabara ya Wamaza mwezi wa Julai. Chuma cha kupoozea kikijaa udongo mwekundu, hakuna namba ya Windows itakayokuokoa. Zima mashine, chomoa waya, fungua, piga mswaki, puliza. Ukiipeleka kwa mtu wa kujaza upepo kwenye matairi, mwambie aanze kwa kupuliza hewani ili maji yaliyojikusanya kwenye bomba yatoke kwanza, na ushike mapanga ya feni kwa kidole; upepo mkali ukiizungusha kupita kiasi, unaua beringi zake, na feni yenye beringi mbovu hainyamazi kwa dawa yoyote.

Nimeongea sana habari za kelele, lakini moyo wangu zaidi uko kwenye betri.

Wengi wanaoucheza mchezo huu wa kushusha volteji kwingineko wanataka chumba kitulivu. Sisi tuna sababu kubwa kuliko yao. Chukua betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Betri ya namna hii ikimalizwa kabisa kila usiku inakufa mapema, kwa hiyo mwenye busara anatumia nusu, 600. Konvetisa inakula sehemu yake, tuseme kumi na tano kwa mia, zinabaki 510. Kompyuta na skrini vikivuta wati 120, una saa nne na robo. Ukivishusha hadi 80 kwa njia tulizoziona, una saa sita na dakika ishirini na kitu. Hizo ni zaidi ya saa mbili zilizopatikana bila kununua paneli wala betri. Kwa mechi ya robo saa ni mechi nane. Mwenye sali anayetoza kwa mechi hahitaji nimfafanulie. Amekwisha kusimama na kwenda kutafuta « Options d'alimentation ».

Na asiyecheza naye ana sehemu yake. Mechi hizo nane zinaweza kugeuzwa kuwa saa mbili za mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kasongo anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye kompyuta ile ile mchana. Au taa ya mama mzazi. Wati haina jina la mtu.

Kuna faida ya tatu, inayoonekana baada ya miaka. Kapasita za kimiminika zilizo kwenye ubao mkuu na kwenye pawa zinakauka kwa joto. Mafundi wanatumia kanuni kwamba kila nyuzi kumi zikipungua, umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili. Madoa ya lehemu nayo yanapasuka kwa kupanuka na kusinyaa kila mashine inapopata moto na kupoa. Lehemu hiyo sehemu yake kubwa ni bati, na mkoa wetu wa Maniema umelichimba na kulituma nje tangu enzi za Wabelgiji, huko Kalima na kwingineko. Linaondoka kama mawe katika magunia na kurudi likiwa limeshika chipu kwenye ubao, kwa bei nyingine kabisa. Kipuri kikihitajika, kinasubiriwa kutoka Bukavu au Kindu, nyuma ya pikipiki, kwa njia ambazo mvua ikinyesha hazijibu salamu. Mtu anayeishi mbali hivyo na duka la vipuri hana sababu ya kuikimbiza mashine yake kwa kasi ambayo hata jicho lake halioni. Anapaswa kuitunza kwa wivu.

Imebaki kazi moja. Chukua karatasi, andika kwa kalamu ya wino: asilimia uliyoiweka, milivolti ulizotoa, kikomo cha kadi, na tarehe. Ibandike ndani ya mfuniko wa kompyuta, mbali na feni. Windows ikipigwa upya, na itapigwa, kwa sababu kuna kijana atakayeleta flashi yenye virusi, namba zote zinarudi kama zilivyokuwa mwanzo. Kijibetri cha ubao mkuu, kile cha duara cha CR2032, kikiisha, BIOS inasahau kila kitu pamoja na mwaka. Fundi atakayefungua mashine hiyo huenda hatakuwa wewe. Mwandikie pia, kwa herufi kubwa, kwamba haijaharibika, imepunguzwa makusudi, na asiiongeze bila kumuuliza mama wa nyumba ya pili.